Kilo 23 za Kwenda Ujerumani

Mizani ya kaunta ilionyesha kilo 31 na gramu 400, ilhali tiketi yangu ilikuwa ya kilo 23. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba 2015, katika jengo la pili la abiria la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Nilikuwa nikitoka nje ya Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza, nikielekea Bayreuth, mji mdogo wa kusini mwa Ujerumani ambao wasomi wengi wa Kiswahili wanaufahamu kwa sababu ya kongamano la Kiswahili lililoanza kufanyika huko mwaka 1987. Binti wa kaunta hakuwa mkali. Alinielekeza nitazame tarakimu mwenyewe, kisha akasema, "Dada yangu, umezidisha kilo nane. Utalipia au utapunguza?" Aliponitajia bei ya kila kilo ya ziada, nilipiga hesabu ya haraka kichwani nikaona kwamba ningelipa zaidi ya thamani ya vitu vyote vilivyokuwamo, pamoja na sanduku lenyewe.

Nikalivuta pembeni, nikapiga magoti, nikalifungua mbele ya foleni nzima. Ulitoka mchele wa Kyela kilo tatu, wakatoka dagaa wa Kigoma mifuko miwili, ukatoka unga wa sembe uliozungushiwa gazeti, zikatoka doti nne za kanga, jozi nne za viatu, kamusi mbili nene, chupa ya samli iliyoviringishwa ndani ya taulo na, chini kabisa, mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukunja, ambayo rafiki wa binamu yangu anayeishi Nürnberg alikuwa ameiagiza. Mzee mmoja aliyesimama nyuma yangu aliitazama ile mbuzi, akageuza uso upande wa pili kwa adabu, lakini mabega yake yalikuwa yakicheka.

Pale sakafuni, nikiwa nachagua cha kuacha, ndipo nilipobaini jambo ambalo ningeweza kulibaini nyumbani wiki nzima kabla: katika zile kilo 31, zilizokuwa zangu mimi hazikufika 15. Nyingine zote zilikuwa za watu. Nilitoa mchele, unga, jozi mbili za viatu na ile mbuzi, mizani ikashuka hadi 22.9. Samli sikuitoa, kwa kuwa ilikuwa ya shangazi yangu wa Tanga na nilihisi kwamba kuiacha kungekuwa ni kumkosea heshima. Bahati yangu ni kwamba kaka yangu aliyenisindikiza alikuwa bado yuko kwenye maegesho akimalizia soda yake, nikampigia simu, akaja mpaka mlangoni kuvipokea vile vilivyobaki. Tangu siku hiyo humwomba anayenisindikiza asiondoke mpaka nimwambie kwamba sanduku limepokelewa, kwa sababu wasindikizaji hawaruhusiwi kuingia ndani, na asiyekuwa na mtu wa kumkabidhi vitu nje ya mlango hulazimika ama kulipa, ama kuviacha.

Kwetu habari ya safari haifichiki. Ukishapata viza, kabla hata hujamaliza kumshukuru Mungu, jirani, shemeji, mwalimu wako wa zamani na mtu mliyesoma naye darasa la tano wanakuwa wamekwisha kujua, na kila mmoja ana kifurushi "kidogo tu" ambacho "hakina hata uzito". Sisemi hili kwa kulalamika, kwa maana nami nimewahi kutuma vifurushi vya namna hiyo, na ninajua furaha ya mtu aliyekaa ugenini miaka sita anapofungua mfuko wa dagaa na kuusikia ule mnuso. Lakini vifurushi kumi visivyo na uzito huwa kilo saba, na mwenye kuziona hizo kilo saba ni yule aliyepiga magoti mbele ya kaunta.

Utaratibu niliojiwekea baada ya hapo ni wa kawaida kabisa, ingawa ulinigharimu lawama. Hutenga kilo tano kwa ajili ya watu, na huwaambia mapema kwamba nafasi ni hizo kilo tano basi, anayewahi ndiye anayepata. Kifurushi hupokelewa siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari wala pale uwanjani. Na sipokei kitu kilichofungwa. Sharti hili la tatu ndilo lililoleta maneno. Mwaka 2017 jirani mmoja aliniletea boksi lililozungushiwa gundi ya karatasi kila upande, nikampelekee mwanawe. Nilipomwomba tulifungue pamoja alisita, kisha akakubali kwa shingo upande. Mlikuwa na majani ya mchaichai, shati, na chupa ya vidonge isiyo na lebo yoyote, ambavyo yeye mwenyewe hakujua jina lake. Alichojua ni kwamba ni "vya mgongo". Nilichukua shati na mchaichai, vidonge nikavirudisha. Mpaka leo salamu zetu ni za mkato.

Huenda vidonge vile vilikuwa vya mgongo kweli. Hata hivyo, kwenye kaunta nyingi abiria huulizwa kama amefunga mzigo wake mwenyewe na kama amepewa chochote na mtu mwingine, na akishajibu, kila kilichomo ndani ni chake mbele ya sheria. Dawa ambazo huku huuzwa bila maswali mengi, kama tramadoli au zile za maumivu zenye kodeini, hudhibitiwa vikali katika Falme za Kiarabu, ambako wengi wetu hubadilishia ndege. Mirungi ni zao halali la biashara nchini Kenya, lakini ni marufuku Tanzania, na Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Ofisa wa forodha hatamtafuta jirani yangu. Atanishika mimi, kwa kuwa ni jina langu lililoandikwa kwenye lebo.

Sasa nirudi kwenye samli. Tuliposhuka Frankfurt nilifuata njia ya kijani, ile ya wasio na kitu cha kutangaza, kwa moyo mweupe, maana sikuwa na dhahabu wala sigara. Ofisa mmoja aliniita pembeni, akaniomba nifungue. Alizipita kanga, akawapita dagaa, akafika kwenye taulo. Aliuliza ni kitu gani, nikajibu kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba ni siagi ya ng'ombe iliyoyeyushwa. Alitikisa kichwa, akanieleza kwa upole kwamba bidhaa za nyama na za maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haziruhusiwi kuingizwa na abiria, hata kama ni za kula mwenyewe, kwa sababu zinaweza kubeba magonjwa ya mifugo. Aliifungua chupa, akainusa, na ninaamini aliipenda, kisha akaitia kwenye pipa. Harufu ya samli ya Tanga ilitanda katika ukumbi ule wa chuma na kioo, nami nikabaki nimeshika taulo. Sikutozwa faini. Nilionywa tu, na nililichukulia onyo hilo kama zawadi.

Jambo lililonishangaza ni kwamba wale dagaa, niliokuwa nikiwahofia zaidi kwa sababu ya harufu yao, hawakuwa na tatizo, kwa kuwa abiria anaruhusiwa kuingiza samaki hadi kilo 20 kwa matumizi yake. Asali pia inaruhusiwa, hadi kilo mbili. Kwa upande wa matunda, tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu matunda yote mabichi yanayotoka nje, isipokuwa matano: nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Maana yake ni kwamba embe bolibo uliyoichuma nyumbani kwenu Muheza itachukuliwa, lakini nazi zitapita. Sidhani kama waliotunga orodha hiyo walikuwa na watu wa Pwani akilini, ila kwetu imekaa vizuri. Ukisafiri kwenda nchi nyingine, Marekani kwa mfano, usidhani kanuni ni hizi hizi. Soma tovuti ya forodha ya nchi unayokwenda, na ukiwa na shaka fuata njia nyekundu utangaze, kwa sababu anayetangaza mara nyingi hunyang'anywa kitu tu, lakini anayekutwa amekaa kimya anaweza kutozwa faini.

Somo lililonichoma zaidi ni la safari ya pili, mwezi Oktoba 2017. Nilibadilisha ndege katika uwanja mmoja wa Ghuba, na muda uliokuwapo kati ya kutua na kupaa ulikuwa chini ya saa moja. Mimi niliwahi kwa kukimbia. Sanduku halikuwahi. Pale Frankfurt nilisimama mbele ya mkanda wa mizigo nikiyatazama masanduku ya wenzangu yakipungua moja moja, mpaka likabaki gari moja la kusukumia mtoto, lenye magurudumu ya bluu, likizunguka peke yake, kisha mkanda ukasimama.

Nilitaka kwenda hotelini nikapumzike, nirudi kuuliza kesho yake. Mama mmoja wa Kisomali tuliyekuwa naye kwenye ndege ndiye aliyenishika mkono, akaniambia nisitoke nje ya ukumbi kabla sijaandikisha. Nilikuja kumshukuru sana, kwa kuwa malalamiko yanayotolewa baada ya kutoka huwa magumu kuyathibitisha. Kaunta ya mizigo iliyopotea ilikuwa mle mle ndani. Waliniomba kipande cha lebo kilichobandikwa nyuma ya pasi yangu ya kupandia ndege, chenye tarakimu kumi, nami nilikuwa nimekipachika kwenye kitabu nilichokisahau kwenye mfuko wa kiti. Wakalazimika kunitafuta kwa jina. Wakaniuliza sanduku ni la namna gani, wakanipa karatasi yenye picha za masanduku ya kila umbo nichague. Nikasema jeusi, lina magurudumu. Yule kijana akatabasamu kwa uchovu, maana nadhani nusu ya masanduku ya dunia ni meusi na yana magurudumu. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimefunga utepe wa kanga kwenye mpini, nikautaja kwa fahari. Sanduku lilipokuja kupatikana, utepe huo haukuwapo, ulikuwa umekwisha kung'olewa njiani na mikanda ya mashine. Lebo ya karatasi yenye jina langu nayo ilikuwa imechanika. Lililolitambulisha ni karatasi ya daftari ambayo mama yangu, bila kuniambia, alikuwa ameiweka juu ya nguo, ameandika jina langu kamili na namba ya simu ya nyumbani kwa kalamu ya wino.

Niliondoka pale na karatasi yenye namba ya kumbukumbu, herufi tano zikifuatiwa na tarakimu tano, ambayo niliitumia kufuatilia kwenye intaneti kwa siku nne. Katika siku hizo nne nilikuwa Bayreuth na blauzi moja, koti jepesi, na baridi ya Oktoba. Dawa zangu za presha zilikuwa sandukuni. Hilo ndilo kosa ambalo hadi sasa naona aibu kulisema, kwa kuwa nilizitoa kwenye mkoba asubuhi ya safari ili mkoba usinizidi uzito. Duka la dawa la Ujerumani halikuuzii dawa ya presha bila cheti cha daktari, kwa hiyo nilitumia nusu siku kumtafuta daktari, nikamweleza kwa ishara na vipande vya Kiingereza dawa ambayo jina lake nililijua nusu. Tangu hapo dawa zote, zikiwa ndani ya paketi zake za dukani, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa lenyewe na si la kibiashara tu, hukaa kwenye begi la mkononi. Miwani ya akiba, hati zote, kompyuta, na nguo za kubadili za siku mbili hukaa humo humo. Sanduku kubwa nalipakia nikijiambia kwamba huenda nisilione kwa siku nne.

Shirika la ndege lilinirudishia sehemu ya fedha nilizotumia kununua sweta, soksi, nguo za ndani na mswaki, kwa sababu nilitunza risiti. Sikujua haki hiyo mpaka mwenyeji wangu aliponieleza habari za Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania nayo ni mwanachama wake. Kwa mujibu wa mkataba huo, mzigo ukiharibika malalamiko yaandikwe ndani ya siku 7 tangu uupokee, ukichelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe, na usipofika kabisa baada ya siku 21 abiria anaweza kudai kama uliopotea. Fidia ina ukomo. Tangu Desemba 28, 2024, ukomo huo ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa ni kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kiasi hicho ni kama dola 2,000 za Marekani. Kwa hiyo mtu anayefunga sanduku lenye vito vya harusi vya dada yake anapaswa kujua kwamba akilipoteza hatarudishiwa vito. Siku hizi, kabla ya kulifunga, hupiga picha ya vilivyomo, kisha ya sanduku lenyewe, na lebo yangu ikishafungwa kaunta huisoma herufi zake tatu nione kama ni za uwanja ninaokwenda na si wa njiani.

Kuhusu kupanga vitu ndani sina maajabu. Vizito hukaa upande wa magurudumu, soksi huingia ndani ya viatu, nguo huviringishwa. Mafuta ya nazi ninayapa tahadhari ya pekee, kwa kuwa huganda chini ya nyuzi joto 24 hivi na kuyeyuka juu yake, na katika safari moja yanaweza kuganda na kuyeyuka mara mbili. Chupa huhitaji mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine. Yasiwekwe kwenye begi la mkononi kwa hoja kwamba yameganda, maana kwenye ukaguzi huhesabiwa kuwa kimiminika, na viwanja vingi bado vinafuata ukomo wa mililita 100 uliowekwa mwaka 2006. Pawabenki, ile betri ya kuchajia simu, ni kinyume chake: haikubaliki kwenye sanduku linalokabidhiwa, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto kwenye shehena hakuna wa kuiona mapema. Iwe mkononi, na isizidi saa-wati 100, kipimo cha nishati inayotunzwa na betri, bila kibali. Ile ya milliampea-saa 20,000 ina takriban saa-wati 74, kwa hiyo inapita.

Ipo sehemu ambayo watu huisahau, nayo ni kwamba baada ya uwanja wa ndege sanduku huwa mikononi mwako. Kutoka Frankfurt nilipanda treni hadi Nürnberg, nikabadilisha kwenda Bayreuth, na kubadilisha huko kulikuwa ni kushuka ngazi, kupita chini ya reli, na kupanda ngazi nyingine, kwa dakika tisa. Sanduku langu la kwanza, nililolinunua Kariakoo kwa sababu ya kung'aa kwake, lilikuwa na kilo tano na zaidi likiwa tupu. Gurudumu moja lilivunjika ngazini, jingine likafia kwenye barabara ya mawe ya mji wa Bayreuth, nikalibeba kichwani mita mia mbili za mwisho, na sikuona haya, kwa kuwa kichwa kimebeba maji tangu nikiwa na miaka saba. Sanduku nililonalo sasa lina kilo 2.8, halipendezi, na kabla ya kusafiri hulipandisha ngazi za ghorofa mbili nyumbani likiwa limejaa. Nikishindwa kufika juu bila kupumzika, napunguza. Jaribio hili limenisaidia kuliko mizani, ingawa mizani ya kuning'iniza nayo ninayo, na hulenga kilo 22 badala ya 23, kwa kuwa yangu na ya kaunta hazipatani sikuzote.

Mchele sibebi tena, kwa maana Nürnberg unauzwa kwenye maduka ya Waasia. Hubeba kanga, ambazo ni nyepesi na ni taulo, ni shuka, ni zawadi, na hubeba viungo vya Muheza. Wakati wa kurudi, tatizo huwa ni mifuko ya madukani, kwa kuwa Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa kuanzia Juni 1, 2019, na kabla ya kutua abiria hukumbushwa. Nimemwona baba mmoja katika jengo la tatu akihamisha chokoleti za watoto kutoka kwenye mfuko wa duka hadi kwenye mifuko ya koti lake, moja moja, akizihesabu.

Mwaka juzi, siku tatu kabla sijasafiri, shangazi alikuja kutoka Tanga. Hakuniletea samli. Alifungua mkoba, akatoa mdalasini na iliki ndani ya mfuko wa kitambaa usiofungwa, akauweka mezani kando ya mizani yangu.

"Pima mwenyewe, mwanangu," akasema. "Na ukitaka kunusa, nusa."

Ulikuwa na gramu 400.